Majiko ya Duara la Bluu

Vijana, wengi wenu mnaotengeneza vitu kwa mikono yenu mnapita hapa kwangu na swali moja: mtu asiye na hela ya tangazo afanyeje ili ajulikane? Mnaniuliza mimi kwa sababu mmesikia nilijulikana Tunduma nzima, na ng'ambo ya mpaka kule Nakonde, Zambia, bila kulipa redio wala kuchapisha bango. Ni kweli. Ila waliowasimulia waliikata habari katikati. Kaeni niwaambie yote, maana kujulikana kule ndiko kulikoifunga karakana yangu.

Nilikuwa natengeneza majiko ya mkaa. Si yale ya bati tupu yanayotoboka msimu mmoja. Ya kwangu yalikuwa na chungu cha udongo ndani na bati nje. Udongo nilichimba mwenyewe bondeni, nikaukanyaga kwa miguu, nikauchanganya na pumba za mpunga ili usipasuke motoni. Ukitaka kujua kama chungu kimeiva, kigonge kwa kidole. Kikilia kama kengele, kiuze. Kikilia kama ubao, usimpe mtu hata bure, maana kitapasuka nyumbani kwake na jina litakalopasuka ni lako.

Bati alikata Festo, mwenzangu, Mndali wa Itumba. Pipa lililokwisha kazi alilifungua kama mtu anayemenya ndizi. Mimi ni Mnyiha wa Ruanda ya Mbozi, nilitoka kwenye kahawa ya baba, na Kiswahili changu kilimchekesha Festo miaka yote tuliyofanya kazi pamoja.

Jiko lilikuwa zuri na halikununuliwa. Lilikuwa ghali kuliko la bati, na mtu akiliinua haoni ubora wake, anaona uzito. Tukahangaika kulitangaza. Tuliandika jina letu kwa kidole kwenye vumbi la malori yaliyopanga foleni kuvuka mpaka, tukiamini litasomwa mpaka Lubumbashi. Mvua ikanyesha kabla lori la kwanza halijasogea. Tukampa mchungaji mmoja jiko bure ili waumini walione kwake. Mke wake akalipenda mno, akaliweka sebuleni na kulipandia maua. Hapo nikajifunza jambo ambalo ninyi wa simu mnalisahau: usimpe mtu kitu chako kwa sababu ni maarufu. Mpe atakayekitumia mbele ya watu.

Lakini aliyenifundisha kazi hii ya kujulikana hakuwa fundi. Alikuwa Mama Nakamba, mjane wa Kinamwanga aliyeuza mkaa jirani na karakana. Jiko langu lilikula mkaa kidogo, kwa hiyo kwa kawaida alipaswa kuniombea nifilisike. Badala yake alikuja siku moja, akakaa juu ya gunia lake, akalitazama jiko kubwa tulilokuwa tumelitengeneza kwa ajili ya hoteli moja ambayo mwenyewe hakurudi kulichukua.

"Baba Anna," akaniambia, "jiko hili halijui kuongea. Lipeleke mahali wanawake wanapokaa siku nzima na hawana pa kwenda. Lipeleke msibani."

Nilidhani anatania. Akaeleza. Mtaa wa pili kulikuwa na msiba wa dereva. Watu walikuwa wengi, kunanyesha, na wanawake walikuwa wanapika kwenye mafiga matatu huku wakilia kwa moshi kuliko walivyomlilia marehemu. Tulipeleke, tusiseme bei, tusiseme lolote. Tuwashe na kukaa kando.

Tukalipakia kwenye mkokoteni, tukaenda. Sufuria kubwa ya maharage iliiva wakati ile ya kwenye mafiga bado inatoa povu. Wanawake wakaanza kusogea mmoja mmoja, kwanza kwa ajili ya joto, halafu kwa ajili ya kuchungulia mkaa uliobaki. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini linatengenezwa wapi. Nikamwambia tuzike kwanza. Nadhani jibu lile liliuza majiko mengi kuliko maneno yote niliyowahi kusema. Wiki iliyofuata walikuja karakana wakiwa bado na kanga za msibani.

Ndivyo tulivyoanza. Nikawa naazimisha majiko makubwa kwenye kila msiba, bure, na watu wakaja kununua madogo. Nilijiwekea masharti. Nilikwenda mwenyewe, sikutuma mtu. Sikula kabla wafiwa hawajala. Nilizoa majivu yangu na kuondoka nayo, nikifagia mahali jiko lilipokaa, ili mwenye nyumba asibaki na kazi. Na kwa kuwa nisingeweza kupigia debe bidhaa penye maiti, nilipaka duara la bluu kwenye mdomo wa kila jiko, kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka milango ya kanisa. Wanawake wanaposonga ugali macho yao hushuka pale pale kwenye mdomo wa jiko. Hawakuhitaji kujua jina langu. Walijua duara. Wazambia waliovuka kuja sokoni waliulizia mbaula ya bluu, mbaula ndilo jiko kwa lugha yao, na kila mtu aliweza kuwaelekeza.

Hapo ndipo wanapoishia wanaowasimulia. Wanasema mzee alitumia akili, hakutumia hela. Na miaka ile tulikula vizuri. Binti yangu Anna alisoma, Festo akajenga.

Kisha ukaja msimu wa masika ambao sitausahau. Lori lililobeba wachuuzi wa mtaa wetu wakirudi kutoka mnadani liliacha barabara kwenye mteremko. Waliokufa walikuwa majirani. Misiba ikawa nyumba kwa nyumba. Majiko yangu hayakurudi karakana, yalitoka kwenye kilio hiki yakaingia kwenye kilio kile, majivu yakiwa bado ya moto. Kabla machozi ya lori hayajakauka ikaja homa, ikawachukua wazee na watoto wachanga. Mimi na Festo tulikuwa barabarani na mkokoteni kila siku, na kila aliyetuona alijua kuna nyumba imefiwa mbele tunakokwenda.

Sikuliona balaa likija. Kitu cha kwanza nilichokiona ni watoto. Walikuwa wanacheza njiani, tukatokea na mkokoteni, wakakimbia na kuingia ndani wakiita mama zao. Festo alicheka. Baadaye mke wangu akarudi kutoka bombani na ndoo tupu. Aliniambia wanawake walimpisha wote kwa pamoja, wakasimama mbali kumngoja amalize, naye akaona aibu akaondoka bila kuchota. Kisha mama mmoja akarudisha jiko alilonunua kwa ajili ya binti yake anayeolewa. Hakutaka kurudishiwa chochote. Alisema hawezi kumpeleka mwanawe kwa mume na jiko la msiba.

Jina hilo ndilo lililonimaliza. Jiko la msiba. Tulikuwa tumelionesha msibani miaka mingi mpaka watu wakashindwa kulitenganisha na msiba. Yule aliyelisifia kwamba halina moshi alikuwa analisifia akiwa na kilio kifuani, na vyote viwili viliingia kichwani mwake kwa pamoja. Hilo sikulifikiria. Nilifikiria mkaa tu.

Siku moja nilikuwa nasukuma mkokoteni peke yangu, nampelekea jiko mama lishe wa kule Mpemba, nje ya Tunduma. Mama yule hakuwa na imani za ajabu, alitaka kupika. Njia ilipita mbele ya nyumba ya Mzee Silwimba, aliyekuwa mgonjwa tangu Krismasi. Mwanawe Edgar alikuwa amekaa kizingitini. Aliponiona akasimama katikati ya njia.

"Unalipeleka wapi hilo, mzee?"

Nikamwambia ni la mteja, linakwenda mbele.

"Baba hajafa," akasema.

Nikamwambia najua, Mungu amponye. Hakuwa anapiga kelele. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala kwa muda mrefu akimgeuza mgonjwa. Akaniomba nisipite mbele ya dirisha la baba yake. Nikageuza mkokoteni, nikazunguka njia ya nyuma yenye matope, magurudumu yakanasa, ikabidi nilibebe jiko mgongoni. Lakini mzee alikuwa ameshasikia mkokoteni ukisimama nje, akauliza ni nani. Jioni ile akafariki.

Asubuhi Edgar alikuja karakana na wenzake. Hawakunigusa. Walivunja majiko yote yaliyokuwa na duara, yakiwemo yaliyokwisha kulipiwa, na vyungu vilivyokuwa juani vinakauka. Festo alitaka kupambana, nikamshika. Unaweza kupambana na mwizi. Mtu aliyefiwa utapambana naye vipi?

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao. Wazee walisema wazi kwamba hawaamini jiko linaua mtu. Ila waliniomba nikae kimya mpaka mambo yapoe. Ushauri ule ulikuwa mzuri. Sikuufuata. Nilikuwa na hasira, na nilijiona najua kutangaza kuliko mtu yeyote pale. Nikaazima spika ya muuza mitumba, tukaifunga kwenye bajaji, nikazunguka Tunduma kutwa nikitangaza kwamba majiko ya duara la bluu hayaleti kifo, ni uongo, majiko ya duara la bluu hayajamuua mtu.

Niliporudi Mama Nakamba alikuwa ananisubiri kwenye gunia lake. Alikuwa amedhoofika mwaka ule, sauti ilikuwa imepungua.

"Nimetoka sokoni," akasema. "Asubuhi walikuwa wanajua watu wa mtaa huu. Sasa wanajua mpaka wauza mpunga waliokuja jana. Kila unapopita unataja jiko na kifo pamoja, Baba Anna. Nani alikutuma?"

Kama mna kalamu, hilo liandikeni: uvumi ukikupata, usiutangaze kwa mdomo wako ukidhani unaukanusha. Anayesikiliza spika ya bajaji inayopita anasikia maneno mawili tu, na nilimchagulia mawili mabaya kuliko yote.

Festo aliniambia tubadilishe rangi. Tupake nyekundu, tuhamie Nanyala kando ya barabara kuu, tuazimishe majiko kwenye harusi na kitchen party badala ya misiba. Alikuwa amefikiria kila kitu. Nikakataa. Nilimwambia duara lile nimelihangaikia, linajulikana mpaka ng'ambo, siwezi kulikana kwa sababu ya maneno ya watu. Tulibishana kwa heshima, kama watu waliokula pamoja miaka mingi wanavyobishana, kila mmoja akimsubiri mwenzake achoke. Mwishowe akafunga nyundo zake kwenye gunia, akaniambia, "Kaka, mimi nina watoto." Akaenda Nanyala. Majiko yake mekundu mnayaona mpaka leo kwenye harusi za Mbozi yote, na vijana wakipiga nayo picha. Sina kinyongo naye. Alikuwa sahihi.

Mimi nilibaki na karakana isiyo na mteja. Nilifinyanga vyungu asubuhi, nikavitazama mchana. Hata wafiwa waliacha kuazima. Misiba iliendelea na watu walirudi kwenye mafiga.

Kisha Mama Nakamba akafariki.

Nilikwenda mapema. Nilimkuta mwanawe mkubwa, aliyetoka Momba, amesimama langoni. Aliniamkia vizuri na kunishukuru kwa yote niliyomfanyia mama yake. Halafu akaniomba, macho yakiwa chini, nisilete majiko. Dada zake walikuwa wanaogopa, mmoja alikuwa mjamzito. Nikamwambia nimeelewa. Nikakaa na wanaume kwenye turubai.

Mvua ilianza wakati wanawake wamebandika sufuria. Mliowahi kupika kwenye mafiga kuna mvua mnajua. Kuni zilifuka bila kuwaka. Walishikilia mabati juu ya moto kwa mikono, maji yakaingia kwa chini. Binti yake yule mjamzito alikuwa amepiga magoti kwenye tope akipuliza, anakohoa, anapumzika, anapuliza tena. Wageni waliotoka Nakonde na Kamsamba walikuwa hawajala tangu waondoke kwao. Na mama aliyelala ndani ya nyumba ile ndiye aliyekaa kwenye gunia lake akaniambia wanawake wameteseka vya kutosha na moshi wa misiba.

Niliinuka nikaenda nyumbani. Majiko matatu makubwa yaliyopona kuvunjwa, kwa kuwa sikuyaweka karakana, yalikuwa nyuma ya nyumba. Nilichukua patasi nikaanza kukwangua. Rangi ya milango ya kanisa ni ngumu, wanangu. Imeingia kwenye udongo, ikabidi nikwangue na udongo wenyewe, nikiharibu mdomo wa jiko niliousawazisha kwa mkono wangu. Mke wangu alitoka, akanitazama. Akaleta kisu cha jikoni, akakaa kwenye jiko la pili. Tulikwangua mpaka pakabaki udongo mwekundu tu, wenye mikwaruzo, majiko mabaya kama yametengenezwa na mtu asiyejua kazi. Nikayapakia.

Edgar ndiye aliyekuwa langoni safari hii, miongoni mwa vijana wa kuchimba kaburi, koleo mkononi. Alitazama mkokoteni. Aliinama akapitisha kidole kwenye mdomo wa jiko la kwanza, pale palipokwanguliwa. Alijua ni ya nani. Pale mtaani nani mwingine alikuwa na majiko makubwa kiasi kile?

Akaegemeza koleo ukutani, akashika upande wa pili wa jiko.

"Tuliweke kule, mzee," akasema. "Kule hakuingii maji."

Tukayabeba yote matatu, mimi na yeye. Watu walikula kabla ya kwenda makaburini. Yule mwana mkubwa aliniona nikizoa majivu, akageuka akaendelea kupokea wageni. Hakuna aliyeuliza majiko yametoka wapi.

Baada ya hapo niliendelea kuazimisha, majiko yasiyo na alama, mpaka kifua kilipokataa vumbi la udongo. Yalikwenda kwenye kila msiba wa mtaa ule. Hayakuniletea mteja hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyejua ni ya nani, au waliojua walijifanya hawajui. Karakana niliifunga, nikauza bati lililobaki. Tuliishi kwa shamba la Ruanda na kwa alichotutumia Anna.

Juzi alikuja Atupele, mtoto wa mdogo wangu, anayeoka mikate na kuitangaza kwenye simu yake. Ana akili ya biashara kunishinda. Alikuwa na rundo la stika zenye jina lake, namba yake na picha ya mkate. Kulikuwa na msiba mkubwa karibu na kwao na alitaka kupeleka mikate ya chai bure, kila mmoja na stika yake, kwa kuwa watu wangekuwa wengi. Alifikiri nitafurahi. Nilimsimulia haya niliyowasimulia ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho, stika zikiwa mapajani.

"Sasa baba mkubwa, nipeleke au nisipeleke?"

"Mikate peleka," nikamwambia. "Stika ziache hapa."

Alikwenda. Jioni alipita kuchukua stika zake, kanga imelowa, nywele zinanuka moshi. Alisema watu walikuwa na njaa na mikate iliisha mapema, ikabidi abaki kuosha vikombe kwa sababu waoshaji walikuwa wachache. Hakusema kama kuna mtu aliyeuliza nani ameioka. Nilimwekea maji ya moto, anawe miguu.